Baiskeli ya umeme ya milimani: mnyororo unaruka, mota inakata baada ya kuoshwa, na betri itakaa miezi mitatu

njia_ya_mawe

Wakuu, naomba mwongozo wa matunzo ya nyumbani. Chombo ni baiskeli ya umeme ya milimani, mota ya katikati yenye torki (nguvu ya kuzungusha) ya 85 Nm, betri ya volti 36 yenye 625 Wh (saa-wati), gia 12 nyuma, meno 34 mbele, breki za diski za mafuta, tairi za inchi 29 kwa 2.6 zisizo na tyubu. Imetembea kilomita 1,400 na mnyororo ni ule ule iliokuja nao.

Kwanza, nikikanyaga kwa nguvu kwenye msaada wa juu kabisa wa mota mnyororo unaruka kwenye gia tatu ndogo za nyuma. Kwenye gia kubwa umetulia.

Pili, tangu ioshwe juzi mota inakata ghafla. Skrini inasoma kasi 0 huku baiskeli inatembea, dakika chache baadaye inarudi yenyewe.

Tatu, breki ya nyuma inalia kama filimbi na haishiki sawasawa.

Mwisho, nikimaliza haya itakaa miezi mitatu bila kutumika. Betri niiache imejaa, nusu au tupu?

Nina funguo za pembe sita, T25 (ufunguo wa nyota), spana ya torki, pampu yenye geji, ndoo na brashi. Mota sitaifungua.

---

fundi_spoku

Umefanya vizuri kusema mota huifungui. Isifunguliwe. Ndani hamna cha kutunza nyumbani, na sili zake (raba za kuzuia maji) ukishazivuruga hazirudi kama zilivyokuwa.

Anza na hiyo kukatakata, ndiyo rahisi kuliko zote. Skrini ikisoma 0 huku gurudumu linazunguka, mshukiwa wa kwanza ni sensa ya kasi. Mota hizi zina kikomo cha kusaidia (Ulaya ni 25 km/h), kwa hiyo kompyuta yake isipopata habari ya kasi inaona heri ikate. Sensa imefungwa kwenye fremu karibu na gurudumu la nyuma, na sumaku yake iko kwenye spoku, kwenye diski ya breki au kwenye vali, kutegemea muundo. Ile ya kwenye spoku imeshikwa na skrubu moja tu. Unaposugua spoku kwa brashi unaisukuma bila kujua.

Zungusha gurudumu polepole mpaka sumaku ifike mbele ya sensa. Itazamane na alama iliyochorwa kwenye sensa, na nafasi kati yake iwe ndogo. Miongozo ya Bosch (watengenezaji wa mota) ya sensa ya spoku hutaka milimita 5 hadi 17. Kaza skrubu, washa mfumo, inua nyuma ya baiskeli uzungushe gurudumu kwa mkono uone kama skrini inahesabu. Mfumo ukiwa umewashwa USIGUSE pedali gurudumu likiwa hewani. Mota inaweza kushtuka, na vidole vikiwa karibu na kaseti (rundo la gia za nyuma) hutasahau siku hiyo. Kama sumaku iko sawa, futa unga wa chuma ulionasa juu yake, kisha fuata waya wa sensa uone kama umebanwa au plagi imeingia maji.

Sasa mnyororo. Fanya hesabu ndogo: pingili moja ni milimita 12.7, kwa hiyo gia ya mbele ya meno 34 ina nusu kipenyo cha karibu milimita 69. Gawanya 85 Nm kwa hiyo, unapata nyutoni 1,230 na ushee. Huo ni kama uzito wa kilo 125 unaoning'inia kwenye mnyororo, na mguu wako bado hujauhesabu. Kwenye gia ndogo za nyuma mzigo huo wote unabebwa na meno machache, ndiyo maana zinalika mapema.

Pima hivi. Weka rula juu ya mnyororo uliovutika, anza ukingo wa pini ya kwanza, hesabu mpaka ukingo uleule wa pini ya 25. Mnyororo mpya unatoa milimita 304.8. Ukifika 306.3 (yaani 0.5%), kwa baiskeli ya gia 11 au 12 nyuma ni wakati wa kubadilisha. Kwa ya gia 10 kushuka unaweza kwenda hadi 307.1. Kipimo maalumu cha mnyororo ni rahisi zaidi kutumia, ila rula ya chuma inatosha. Rudia kila kilomita 200 au 300. Usimsikilize anayekupa kilomita kamili za mnyororo kufa; matope na mguu wa mpandaji vinabadilisha kila kitu.

Kabla hujanunua chochote, hakikisha kuruka kwenyewe ni kwa kulika. Kukiwa kwenye gia chache tu, tena unapokanyaga kwa nguvu, ni meno au mnyororo. Kunakotokea kwenye gia yoyote kwa mpangilio, kama kila baada ya mizunguko mitatu minne ya pedali, ni pingili moja imekaza. Na ukisikia mkwaruzo hata bila mzigo, mnyororo kama unataka kuhama gia, basi ni waya wa gia au kile kipande cha alumini kinachoshika deraila (kifaa cha kuhamisha mnyororo) kimepinda.

---

kasi25

Kuosha tumia tu mashine ya presha ukiwa mita moja na nusu. Haijawahi kuharibu kitu. Betri nayo imalize mpaka izime ndiyo uiweke, inakuwa haina "kumbukumbu".

---

mzee_wa_grisi

Mkuu kasi25, yote mawili hapana.

Presha haikuonyeshi inachoharibu siku hiyohiyo. Maji yanapita sili za beringi, yanachanganyika na grisi, na wiki kadhaa baadaye ndipo habu (kitovu cha gurudumu) inaanza kukwaruza au usukani unakwama-kwama kama una meno unapougeuza. Kwenye baiskeli ya umeme ongeza ekseli ya pedali inapoingia kwenye mota, plagi, na tundu la kuchajia. Vifaa hivi vimeundwa kustahimili mvua na rasharasha. Maji yanayosukumwa kwa presha ni jambo jingine. Na mita moja na nusu ya leo kesho ni sentimita thelathini, kwa sababu tope limegoma.

Utaratibu wa kuosha: zima mfumo. Kuhusu betri miongozo haikubaliani. Kuna wanaosema itolewe, na kuna wanaosema ibaki kwa sababu yenyewe ndiyo kifuniko cha vituo vya umeme (vile vyuma ambavyo betri hugusana navyo). Fuata wa baiskeli yako. Ukiitoa, vile vituo vilivyobaki kwenye fremu vifunike kwa kifuniko chake au kwa mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, la sivyo tundu hilo linageuka kikombe. Funga kifuniko cha tundu la kuchajia.

Tope kavu liloweshe kwanza kwa maji yanayotiririka polepole, subiri dakika tano. Kulisugua likiwa kavu ni sawa na kupiga msasa, na mirija inayong'aa ya foku (uma wa mbele unaonyonya mishtuko) inaumia kuliko rangi. Kisha ndoo ya maji na matone machache ya sabuni ya vyombo. Brashi ziwe mbili: moja ya fremu na magurudumu, nyingine ya mnyororo na kaseti, na zisibadilishane hata siku moja. Anza juu, maliza na mnyororo. Breki usiziguse kwa brashi ya mnyororo wala tambara lake. Naweka dau kwamba filimbi ya mwuliza swali ilianzia hapo.

Ukimaliza idundishe mara mbili tatu kwenye tairi maji yatoke kwenye mashimo ya boliti, ipanguse, iache ikauke. Vituo vya umeme vifute kwa kitambaa kikavu kisichoacha nyuzi kabla ya kurudisha betri. Vikiwa na kutu ya kijani au alama nyeusi za kuungua, hapo ni kazi ya fundi wa mfumo huo.

Mafuta ya mnyororo: ukishakauka kabisa, tone moja kwa kila rola (kile kiviringo kidogo katikati ya pingili), upande wa ndani wa mnyororo, mzunguko mzima. Mnyororo wa gia 12 una pingili kama 116 hadi 126, kwa hiyo ni kazi ya dakika tatu. Zungusha, subiri angalau dakika kumi (usiku kucha ni bora), halafu ufute nje mpaka ukishika vidole visichafuke. Mafuta yanayofanya kazi yako ndani ya rola. Yaliyobaki nje kazi yake ni kukusanya mchanga. Zile dawa za kopo za kulegeza kutu si mafuta ya mnyororo. Zinasafisha kilichokuwepo kisha zinakauka.

Jambo moja linawachanganya wengi: kwa baadhi ya mota, ukirudisha pedali nyuma gia ya mbele haizunguki. Haijaharibika. Shika mnyororo wa chini uuvute kwa mkono kuelekea mbele, utazunguka.

---

volti42

La betri nimalizie mimi. "Kumbukumbu" ilikuwa ya betri za nikeli-kadimiamu. Hizi ni lithiamu, na kuzimaliza kabisa ndiko kunaziua.

Betri ya volti 36 ni makundi 10 ya seli yaliyopangwa mfululizo. Ikijaa kila kundi lina volti 4.2, jumla 42. Ikizimwa kwa kuisha chaji bado ina akiba kidogo, lakini akiba hiyo inaliwa polepole na saketi ya ulinzi iliyo ndani pamoja na uvujaji wa seli zenyewe. Iache miezi mitatu katika hali hiyo, seli zinaweza kushuka chini ya volti 2. Hapo shaba ya ndani ya seli inaanza kuyeyuka, na ukija kuichaji inajijenga mahali isipotakiwa na inaweza kuleta shoti. Ndiyo maana saketi hukataa kuichaji betri ya namna hiyo. Usimtafute mtu wa "kuiamsha" kwa chaja ya kienyeji.

Iliyojaa nayo inazeeka haraka, hasa kwenye joto. Iweke kati ya asilimia 30 na 60, itoe kwenye baiskeli, isiwe kwenye chaja, mahali pakavu pa nyuzi 10 hadi 20 kama unaweza kupata, mbali na jua na buti la gari. Iangalie kila mwezi. Ikibaki na taa moja, irudishe mpaka asilimia 60 hivi. Siku moja kabla ya kupanda tena ndiyo uijaze.

Wakati wa kuchaji: chaja ya mfumo huohuo tu. Volti zinazofanana hazitoshi. Mahali pagumu pasipo na nguo wala makaratasi, pasiwe kwenye njia ya kutokea nyumbani, na uwe macho. Betri iliyotoka kwenye jua kali au baridi kali iache ifikie joto la chumba kwanza. Chini ya nyuzi 0 usichaji kabisa, kwa sababu lithiamu inaganda juu ya elektrodi badala ya kuingia ndani yake, na hasara hiyo hairudi.

Betri iliyoanguka ikapasuka gamba, iliyovimba, inayotoa harufu tamu ya dawa au inayopata moto ikiwa imekaa tu: usichaji tena, itoe nje ya nyumba, iweke mbali na vitu vinavyoshika moto, uulize inakopokelewa betri mbovu.

---

njia_ya_mawe

Asanteni sana. Nimepima. Pini ya 1 hadi ya 25: milimita 307.5. Sumaku nimeikuta imezunguka kwenye spoku, imeangalia pembeni, nafasi milimita 22. Nimeirudisha kwenye 10, skrini inahesabu na mota haijakata tena.

Je, nikibadilisha mnyororo peke yake inatosha? Na breki nianzie wapi?

---

fundi_spoku

307.5 ni karibu 0.9%. Mnyororo umepita mpaka zamani, na kaseti imelika ikiufuata. Ukiweka mnyororo mpya juu ya kaseti hiyo, gia unazozitumia sana zitaruka zaidi ya sasa, maana pingili mpya ni fupi kuliko mabonde ya meno yaliyokwisha kutanuka. Jaribu mnyororo mpya kwanza kabla ya kuhukumu: mwendo wa polepole, gia ndogo, msaada wa chini, kanyaga taratibu ukiongeza. Zikiruka gia ndogo tu, angalia kama kaseti yako inauziwa gia ndogo mojamoja. Nyingine ni kipande kimoja, hakuna njia. Nati ya kaseti inakazwa 40 Nm, na inahitaji kifaa chake pamoja na mjeledi wa mnyororo (kifaa cha kuzuia kaseti isizunguke). Gia ya mbele itazame pia: meno yakiwa yamechongoka na kulala upande mmoja kama pezi la papa, nayo iondoke.

Urefu wa mnyororo mpya usiupate kwa kuulaza sambamba na wa zamani. Wa zamani umerefuka, unaweza kukosea pingili nzima. HESABU pingili. Ile pingili ya kufungulia ya gia 12 ni ya kutumia mara moja. Shimano na SRAM, watengenezaji wa gia, wote wanasema hivyo kwa za kwao. Kuifunga: iunganishe ikiwa sehemu ya juu ya mnyororo, mfumo umezimwa, shika breki ya nyuma, kanyaga pedali mpaka usikie mlio wa "tak". Kama ina mshale, mshale uelekee mwendo wa mnyororo.

Ili mpya udumu: unapobadilisha gia, punguza nguvu ya mguu kwa nusu mzunguko wa pedali. Mota inafuata mguu, kwa hiyo nayo inalegea. Kubadilisha gia tatu kwa mpigo katikati ya mwinuko huku msaada uko juu ndiko kunakopinda pingili na kukata mnyororo. Na usianze kuondoka kwenye gia ndogo kabisa eti mota ipo.

---

mzee_wa_grisi

Breki. Toa gurudumu, toa pedi (vipande vinavyobana diski), na USIBANE mkono wa breki hapo katikati. Ukibana, pistoni (zinazosukuma pedi) zinatoka. Weka kipande cha plastiki kati yake kama kinga.

Tazama pedi. Sehemu ya kusugua ikibaki milimita 0.5 zimekwisha, ila kwa baiskeli ya kilo 23 au 25 mimi nisingengoja hapo, milimita 1 nabadilisha. Zikiwa nene lakini zinang'aa kama kioo au zina weusi wenye mafuta, jaribu msasa mwepesi mara moja. Kelele ikirudi, zimekunywa mafuta, tupa. Kuzichoma kwenye jiko hakuondoi mafuta yaliyoingia ndani, na gundi ya pedi inaweza kuachia.

Diski isafishe kwa alkoholi ya isopropili na kitambaa kisafi, kisha usiiguse kwa vidole. Ipime unene kwenye njia ya pedi. Kikomo kimeandikwa kwenye diski yenyewe. Za Shimano zenye unene wa 1.8 zikiwa mpya hufikia mwisho kwenye 1.5. Pistoni zipanguse kwa kijiti cha pamba chenye alkoholi kabla ya kuzirudisha ndani, maana uchafu ulio kwenye ukingo ukiusukuma ndani unakata sili. Zirudishe kwa kipande cha plastiki butu, bisibisi iache.

Rudisha gurudumu, legeza boliti mbili za kalipa (kifaa kinachobeba pedi), bana breki ushikilie, kaza boliti kwa zamu mpaka 6 hadi 8 Nm. Hapo kalipa inajipanga yenyewe katikati ya diski.

Pedi mpya lazima zizoeshwe: mara 20 kutoka mwendo wa wastani mpaka kasi ya mtu anayetembea, bila kusimama kabisa na bila kufunga gurudumu, kisha mara 10 kutoka mwendo mkubwa kidogo. Wengi wanaruka hatua hii, halafu wanalaumu pedi.

Mkono wa breki ukiwa mlaini na ukakaza baada ya kuupampu, kuna hewa. Ukiushikilia ukashuka wenyewe taratibu, kuna uvujaji, usiendeshe. Mafuta ya madini na ya DOT (aina mbili tofauti za mafuta ya breki) hayachanganywi kamwe, sili zinavimba, na DOT inakula rangi ya fremu.

---

njia_ya_mawe

Pedi zina weusi wenye mafuta kweli, zinaondoka. La mwisho: sina stendi. Naweza kuigeuza kichwa chini kwa kazi hizi? Na tairi kwa miezi mitatu?

---

fundi_spoku

Kwa muda wa kazi inawezekana, ila toa skrini kwanza au weka mbao chini ya usukani ili skrini na vitufe visibebe uzito. Isikae hivyo siku nyingi. Kama kuna hewa kidogo kwenye tangi la mafuta ya breki, itapanda kuingia kwenye mrija. Ukiigeuza na kuikuta breki laini, isimamishe kawaida, funga mkono wa breki kwa raba usiku mmoja, kisha uijaribu kabla hujapanda.

Tairi: pandisha mpaka bari 2 hivi, na zungusha magurudumu kila wiki mbili ili dawa ya kuziba (majimaji yaliyo ndani ya tairi isiyo na tyubu) isigande chini. Siku ya kurudi njiani, fungua vali, ingiza kijiti uone kama kuna unyevu. Kikitoka kikavu, tairi ya 29 kwa 2.6 inataka mililita 100 hadi 120. Presha ya kupandia anza na bari 1.6 mbele na 1.8 nyuma, kisha ongeza kama unasikia rimu inagonga mawe.

Foku na shokapu futa mirija yake kwa kitambaa kikavu, usiipulizie chochote karibu na diski. Boliti za stemu (kishikio cha usukani) kaza kwa namba iliyoandikwa juu yake, mara nyingi ni 5 Nm.